Macho Mazima ya Ezra

Mwalimu Efrazia wa Tarime alikuwa hodari wa kufundisha baiolojia, na mwenyewe alijua hivyo. Somo la jeni kwenye kromosomu, ambalo walimu wengine hulipitia mbiombio, yeye alilifundisha kwa shanga. Alizitunga kwenye nyuzi mbili, akazikata nyuzi mahali pamoja, akavibadilisha vipande kati ya nyuzi hizo na kuvifunga upya. Shanga zilizokaa mbalimbali zilitengana mara nyingi. Zilizopakana zilihama pamoja, karibu kila mara.

"Ndivyo wataalamu walivyochora ramani ya jeni," aliwaambia kidato cha sita. "Zisizopenda kuachana, hizo ni majirani."

Nyumbani kwake Itiryo, mwanawe wa kwanza, Brayan, alikuwa akichuma kahawa mbivu na mbichi bila kujua, maana macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani. Watu walicheka tu. Kisha akatahiriwa, damu ikakataa kukoma, akafa. Daktari alieleza kwamba damu yake haikuwa ikiganda, na kwamba ugonjwa huo mtoto wa kiume huupata kwa mama yake. Efrazia hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijua jeni ya ugonjwa ule na ya macho yale hukaa jirani, kwenye kromosomu moja.

Msimu wa tohara uliporudi, zamu ikawa ya Ezra, mdogo wake Brayan. Huyu alichuma kahawa bila kukosea hata punje. Bado baba yake, Matiko, aliogopa.

"Mama Brayan, tumpeleke kwanza Mwanza wakampime damu."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Efrazia alimtania. "Macho yake si mazima? Basi na damu yake ni nzima. Hivyo vitu vinatembea pamoja."

"Una uhakika?"

"Si ndiyo kazi yangu kufundisha hayo?"

Ezra alitahiriwa, akarudishwa nyumbani kwa nyimbo, na kabla ya jioni shuka lake lilikuwa limelowa damu. Walimfikisha hospitali wamechelewa. Kwake yeye jeni zile mbili zilikuwa zimetengana, jambo la nadra ambalo Efrazia aliliandika ubaoni kila mwaka.

Hakulia. Aliwapikia waombolezaji uji, akaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, akaitikia pole za watu kama anayeita mahudhurio. Alilitaja jina la mtoto kimoyomoyo, akausubiri uchungu. Haukuja.

Siku ya kuanua matanga, Mzee Machage, kaka mkubwa wa Matiko, aliuliza mbele ya watu wote.

"Wa kwanza alikufa kwa damu. Huyu wa pili, nani alisema apelekwe kutahiriwa?"

Efrazia, aliyekaa na wanawake wenzake, alifungua mdomo. Matiko alimwahi.

"Mimi," alisema. "Mke wangu alikataa kabisa. Ni mimi niliyemlazimisha."

Wazee wakaanza kumshutumu, mmoja baada ya mwingine. Efrazia alifunga mdomo, akawaacha.