Aliyehema na Asiyehema

Baba alianguka katikati ya migomba asubuhi moja ya msimu wa kahawa, kikapu cha kuchumia kikiwa bado kimefungwa kiunoni. Hakuwa mgonjwa. Jana yake tu alikuwa amepandisha mzigo wa nyasi za ng'ombe kutoka shamba letu la tambarare, na aliyezaliwa Marangu anajua njia ile inavyomchuja mtu. Yeye alipanda akipiga mluzi. Miaka kadhaa nyuma mdogo wake alikuwa amekufa vivyo hivyo, akizibua mfereji pamoja na wenzake, jembe mkononi. Kwa hiyo baada ya mazishi watu hawakuuliza tena kilichomuua. Walisema ni moyo, na kwamba moyo ule ni wa ukoo wetu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetaka kujua umebaki kwa nani. Tulikuwa wavulana wawili, kaka yangu na mimi. Alitutuma chini tukakate nyasi, akatungoja getini kwenye ua wa masale. Kaka alifika kwanza. Akabwaga mzigo, shangazi akamwekea sikio mgongoni, na kaka akauliza kama kuna mtori wa ndizi umebaki. Mimi nilifika nyuma sana nikihema kama mvukuto wa mhunzi, kifua kikipiga filimbi. Shangazi hakuhitaji hata kuinama.

"Ni huyu," akamwambia mama.

Kuanzia siku hiyo sikutwishwa kitu. Kwetu nyumba ya baba huachiwa kitinda mimba, na kitinda mimba nilikuwa mimi, lakini kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, hakiwezi kukaa na mtu ambaye hawezi kulisha ng'ombe. Nyumba ikaenda kwa kaka. Hapakuwa na ugomvi, maana wote tuliona ni huruma. Mimi nikapelekwa mjini, Majengo, kwa mjomba aliyekuwa fundi cherehani, nikasoma sekondari kutokea chumbani kwake huku nikilala kati ya vitambaa vya wateja.

Baada ya shule nikaanza kutangatanga. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Niliuza mitumba Kwa Sadala, nikabeba bidhaa Namanga, nikakaa Tanga, nikajaribu bahati Mererani mpaka vumbi la mashimo likanirudisha juu. Watu waliniita mtu wa safari, na mimi nikaipenda sifa hiyo. Ukweli ni kwamba sikuwahi kupanga chumba nikakinunulia pazia. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba sina muda mrefu, na mtu wa namna hiyo hanunui pazia.

Kaka alibaki nyumbani. Bei ya kahawa ilipoporomoka na majirani wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, mlima ndio uliomlisha yeye, mkewe, watoto na mama yetu. Alianza kwa kubeba mizigo ya watalii, akapanda akawa kiongozi wao. Alisifika kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumsikia akihema.

Mwaka mmoja nilirudi mikono mitupu, naye akanitafutia kibarua. Alikuwa amekuja mtafiti wa wanyama, mama mmoja wa Pemba, mnene kidogo, aliyevaa masweta mawili na bado akalalamikia baridi. Kwao alikuwa amechunguza popo wakubwa wasiopatikana kwingine isipokuwa kisiwani. Sasa alitaka panya wa msituni. Kazi yetu ilikuwa kubeba mitego na kuitega.

"Mama, umeacha kisiwa ukaja kutafuta panya mlimani?" kaka alimtania siku ya kwanza.

"Nimetoka kisiwa kimoja nimeingia kingine, baba. Kwani kisiwa lazima maji? Panya wa msitu huu mwambie avuke tambarare ile kavu aende mlima wa pili, ataweza? Basi ile ndiyo bahari yake."

Alikuwa anamshika panya kwa glavu, anamkata kipande cha sikio kidogo kama punje ya mtama, anakitia kwenye chupa ya spiriti, kisha anamwachia. Alisema kipande hicho kina vinasaba vinavyoeleza panya yule ametoka kwa nani. Siku moja alitushikia panya wawili tuseme wanatofautiana nini. Tulishindwa, walikuwa kama mapacha. Akasema huenda koo zao ziliachana zamani sana, na kwamba watu wengi hudanganyika kwa kutazama manyoya.

"Mimi ningewatambua kwa tabia," kaka alisema. "Yule mvivu ni wa upande wa huyu mdogo wangu."

Tuliyaacha hayo msituni tukapanda kwenye vichaka vya juu, mahali miti inapokwisha. Kaka alibeba mzigo wake na wangu, kama kawaida. "Lete hapa," aliniambia, "usije ukatufia tukaanza kutafuta machela." Akakikwea kilima cha mwisho karibu kwa kukimbia, akasimama juu yake kutungoja, akaanguka. Hakujikwaa, magoti yalilegea tu. Tulipomfikia alikuwa ameshafumbua macho, anacheka, anasema ameteleza kwa umande.

Yule mama hakucheka. Aliketi kwenye jiwe, akatuuliza habari za baba, kisha za baba mdogo, kila mmoja alikuwa anafanya nini alipoanguka. Tulimweleza.

"Na katika nyinyi, mwenye maradhi hayo ni nani?"

Kaka alinionyesha kwa kidevu. Mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Mbona aliyeanguka ni yeye?"

 Akasema panya yeye hawaulizi nani mgonjwa, huwapima wote, na hapandi tena na sisi mpaka nasi tupimwe wote. Kaka alikubali kwa ajili ya kazi. Njiani kushuka aliniambia anakwenda kunisindikiza.

Hospitalini mjini tulivuliwa mashati. Kwanza kipimo cha umeme wa moyo, nyaya zikabandikwa kifuani na mashine ikachora milima midogo kwenye karatasi. Kisha tukapelekwa chumba chenye giza, daktari akatupaka mafuta mazito ya baridi na kutembeza kifaa juu ya mbavu, moyo ukaonekana kwenye kioo, wa kijivu, ukifumba na kufumbua. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alitumia muda mfupi kwangu. Kwa kaka alikaa. Akamwambia alale ubavu, akamwambia abane pumzi, akamwambia asimame.

Halafu akatuambia. Moyo wangu hauna tatizo lolote. Filimbi ya kifua ni pumu, inatibika. Moyo wa kaka umenenepa misuli, kama ukuta unaopigwa plasta kwa ndani mwaka hadi mwaka mpaka chumba kinabana, na mtu akikaza mwendo damu inakosa njia. Ni wa kurithi. Kila mtoto wa mwenye nao yuko kama shilingi iliyorushwa juu, anaweza kuupata au kuukosa. Vidonge vipo, lakini mizigo na miinuko mikali basi.

"Umechanganya majina, daktari," kaka alisema kwa upole. "Mgonjwa ni huyu."

"Sijachanganya."

"Mpime tena. Ukoo mzima unajua."

Daktari alimlaza tena kaka, akaniita nisimame karibu na kioo. Hata mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuona moyo wa mtu, niliona ukuta ule. Nilipovaa shati nilikosea vifungo. Nilikuwa nafikiria mapazia.

Kaka alikunja cheti cha vidonge akakitia mfukoni, na tulipofika kituoni akasema kuna kundi la wageni linakuja wiki ijayo, ataenda nalo. Nilibishana naye njia nzima. Alinijibu mara moja tu: "Wewe umeishi na hofu tangu utotoni, umezoea. Mimi sitaki kuanza leo." Nikajua hatanisikiliza. Lipo neno la mtu mmoja tu ambalo hajawahi kulikataa.

Shangazi alikuwa amezeeka, haoni vizuri, lakini kiti chake bado kilikuwa karibu na meko. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mtu wa safari. Na huyo mwingine anajificha nini?" Nikamweleza kila kitu, kaka amesimama mlangoni kama anayesubiri mvua ipite.

"Mashine," alisema. "Njoo hapa." Akamwekea kaka sikio kifuani, akakaa hivyo muda. "Mbona unapiga kama wa fahali. Huyu? Huyu hajawahi kuhema hata siku moja. Angalia miguu hii. Angalia mabega. Huyu amemfuata baba yake kwa kila kitu, mwendo, sauti, mpaka ule ubishi. Baba yenu naye alipanda na mzigo akipiga mluzi, hakuna aliyemsikia aki..."

 Sikio lilikuwa bado kifuani mwa kaka. Kuni zikalia kwenye meko, mbuzi akalia nje, yeye hakuinua kichwa. Nikaona mkono wake ukipanda polepole, ukashika sweta ya kaka kwa nyuma, ukaikunja ngumi.

"Kwa kila kitu," alisema tena, taratibu. Kisha: "Hupandi tena mlima."

"Shangazi, wageni wameshalipia."

"Sijakuuliza habari za wageni. Hupandi, wala nyasi hubebi. Na watoto wako kesho kutwa waende kwenye hiyo mashine."

"Sasa ng'ombe watalishwa na nani?"

Shangazi aligeuza uso upande wangu. Kwa macho yale sidhani kama aliniona vizuri.

Kesho yake tulishuka shamba la tambarare. Kaka alikata nyasi, polepole kama alivyoamriwa, mimi nikafunga mzigo na kujitwisha. Ulikuwa mzigo mdogo, yeye angeuona aibu. Tulipofika kwenye mwinuko wa mfereji nilikuwa nahema hadi watoto wanaochota maji wakanicheka, na kaka nyuma yangu, mundu begani, alikuwa anafurahia kupita kiasi.

"Polepole, mtu wa mjini. Ng'ombe hawajafa bado."

Kisha akanyamaza. Nikaendelea kupanda, na nikagundua sisikii chochote nyuma yangu, si pumzi wala mguu. Nikasimama, nikageuka na mzigo wangu. Alikuwa pale pale, hatua chache chini. Nikaenda kidogo, nikageuka tena.

"Unaangalia nini?"

"Ongea," nikamwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ongea tu mpaka tufike."

Akaelewa. Akakohoa, akaanza kwa ile sauti anayotumia kwa wageni: "Mabibi na mabwana, kushoto kwenu mnaona mgomba. Kulia kwenu, mgomba mwingine. Mbele yenu ni mpagazi wetu mpya, tafadhali msimpe chakula." Nikapanda nikimsikiliza, neno kwa neno, hadi getini.