Mpira Ulikuja Sawa

Mume wangu Orrin Stuckey huonja udongo. Nasema mapema ili usije ukanicheka baadaye. Huchukua punje kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema, kisha akasema, "Bado una maji," au, "Sasa uko sawa," na hakosei. Ametunza uwanja wa besiboli wa Chuo cha Pruett, hapa hapa Kansas tulikozaliwa sote wawili, kwa miaka ishirini na mitatu. Na miaka hiyo yote mimi nafagia udongo wake jikoni, nafagia chumbani, na siku moja niliukuta ndani ya bakuli la saladi ya viazi. Siku ya arusi ya dada yangu mawingu yalitanda kidogo tu, bwana huyu akatoka kanisani kabla ya kiapo, akaenda kufunika uwanja. Dada yangu hajasahau mpaka leo.

Mimi ni msusi, nakata nywele za nusu ya mji huu, na wanaume nawajua. Wengi hawajui kufanya hata jambo moja vizuri. Orrin analijua moja. Hilo ndilo lililonifanya nimvumilie, na hilo ndilo nililotaka aliache siku moja tu, saa moja tu, na hakuliacha.

Mwanetu Kip alichezea timu ya chuo hicho hicho, na alikuwa mwaka wa nne, wa mwisho. Nafasi yake uwanjani ni kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mpira unapokuja chini chini kwa kasi na mtu hana muda wa kuwaza. Amekulia kwenye udongo ule. Kwenye ligi yetu kuna timu kumi, na sita tu ndizo zinazoingia mashindano ya kufungia msimu. Mwaka huu yalipangwa kuchezwa kwetu, kwenye uwanja wa Orrin. Basi fikiria: timu yetu ilianza vibaya mno, ikapigwa Machi yote, ikaamka Aprili, na ilipofika Jumamosi ya mwisho tulikuwa tunagombea nafasi ya sita na Marrow Creek, waliokuja kucheza nasi michezo mitatu. Wa kwanza walishinda wao, wa pili tukashinda sisi. Wa tatu ndio huo. Anayeshinda anaingia, anayeshindwa anarudisha jezi, na kwa Kip kurudisha jezi kulikuwa ni kwa maisha yake yote.

Tulikuwa mbele nne kwa tatu mvua ilipokuja. Mwamuzi akasimamisha mchezo, vijana wakavuta turubai wakafunika udongo. Sasa ligi yetu ina kanuni moja: siku ya mwisho wageni wana safari ndefu, kwa hiyo saa kumi ikifika mchezo haujaanza tena, unahesabiwa umeishia pale ulipokatizwa. Maana yake tukikaa kimya mpaka saa kumi, tumeshinda.

Nilikuwa nyuma ya kibanda cha zana, nimempelekea Orrin soksi kavu, Kocha Dressler alipokuja akitabasamu. Dressler akitabasamu, shika mfuko wako.

"Orrin, mzee wangu," akasema, "leo hakuna haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya turubai. Maji yakikaa pale juu mpaka saa kumi, nani atalalamika? Mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu," Orrin akasema, "turubai ni langu."

"Bwana, mwanao yumo kwenye timu hii! Hujui kwamba tukishindwa ndio basi tena?"

"Najua, Kocha. Na mwana wa mtu yumo kwenye ile nyingine."

Dressler akaondoka akisonya. Mimi nikabaki, na nitasema ukweli, sioni haya: nilitaka Orrin amsikilize. Nikamwambia, "Mume wangu, mara moja tu. Jifanye mgongo umekushika. Una miaka hamsini na minane, nani atashangaa?"

Akavaa soksi, taratibu, moja, na ya pili. "Verda," akasema, "nenda kakae."

Nikaenda kukaa, nikiwa nafuka moshi.

Mvua ilikatika saa tisa na dakika kumi. Orrin akapiga filimbi, vijana wetu wakatoka kuvuta turubai. Loo! Ungewaona! Kocha alikuwa ameshawanong'oneza. Walitembea kama bibi arusi anayeingia ukumbini, hatua, wanasimama, hatua, mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine eti maji yameingia jichoni. Na Kip wangu yumo, ameshika pembe, havuti. Orrin akapaza sauti, "Vuteni!" Hakuna. Basi wale wa Marrow Creek wakaruka kutoka benchi lao, wote, na kocha wao mnene, wakashika ukingo wakavuta wenyewe, na watu wetu wakawazomea. Watu wazima wanawazomea vijana kwa sababu wanafanya kazi! Nami nilizomea. Niliwazomea mpaka koo likaniuma.

Orrin akashuka na reki na magunia ya udongo mkavu. Palipotuama maji alinyonya kwa sponji, akamwagia mkavu, akasawazisha, akakanyaga, akapiga magoti, akaonja. Hakutazama saa hata mara moja. Saa kumi kasoro dakika nane mwamuzi akapita uwanja mzima, akabonyeza kwa kiatu huku na huku, akasema, "Chezeni."

Tulishikilia nne kwa tatu mpaka mzunguko wa tisa, ule wa mwisho. Wageni wana watu kwenye kituo cha pili na cha tatu, wapigaji wao wawili wameshatolewa, bado mmoja tu tumalize. Mpigaji akaupiga chini, kuelekea kwa Kip. Mpira mwepesi, haki ya Mungu. Nimeona mipira elfu kumi ikienda kwa mtoto huyu, tangu alipokuwa na meno ya maziwa. Huu ulikuja sawa, umenyooka, unateleza kama sabuni kwenye sinki. Na kabla hajaushika, Kip akanyanyua kichwa kutazama kituo cha kwanza, alikotakiwa kuurusha. Mpira ukapita kati ya miguu yake. Wale wageni wawili wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, pointi mbili, tano kwa nne, wao mbele. Wapigaji wetu watatu wakatolewa mmoja baada ya mwingine, na msimu ukaisha.

Lakini si hapo damu iliponichemka. Kukosea ni kukosea. Iliponichemka ni pale Kip, mpira ukiwa bado unabingirika nyuma yake, alipochutama, akapiga udongo kwa glavu mara mbili, akatikisa kichwa, akaunyooshea kidole. Kila mchezaji duniani hufanya hivyo akikosea: si mimi, ni shimo. Ila wengine wote ule udongo si wa baba yao.

Watu wakaudaka uongo ule kama kunguru na mkate. Kocha Dressler akamwambia mwandishi wa gazeti, "Uwanja haukuwa tayari. Mtunzaji alikuwa na haraka." Gazeti likaandika hivyo hivyo. Jumatatu asubuhi mteja wangu mmoja, shuka bado namfunga shingoni, ananiambia, "Pole, Verda. Lakini kwa nini mumeo hakungoja kidogo?" Nilimkata nywele za mbele mpaka akafanana na yai.

Ile Jumamosi watu walipotawanyika, Orrin alikwenda mpaka pale pale aliposimama Kip, akapiga magoti, akachukua punje akaweka ulimini. Akarudi kwenye gari. "Pakavu," akasema. Mezani Kip akasema, bila kutuangalia, "Mpira uliruka, Baba. Palikuwa na tope." Orrin akasema, "Nisogezee mkate."

Jumatatu saa nane akaitwa ofisini kwa Bibi Haverkamp, mkurugenzi wa michezo. Mashindano yanaanza Jumatano, na Dressler alitaka uwanja wapewe watu kutoka nje, eti Orrin hafai tena. Kip naye aliitwa aseme ilikuwaje. Mimi sikuitwa. Nilikwenda na aproni yangu na mkasi mfukoni.

Bibi Haverkamp ni mtu wa haki, simlaumu. Alisema, "Orrin, gazeti silijali. Nataka kujua jambo moja. Ule udongo ulikuwa umekauka au haukukauka?" Kisha akamgeukia Kip. "Nianze na wewe, kijana. Mpira uliruka?"

Kip akafungua mdomo. Akamtazama baba yake. Masikio yalikuwa mekundu kama nyanya. Nikasema moyoni, haya, mwanangu, sasa.

Na kabla hajasema, Orrin akasema, "Uliruka."

"Samahani?" akasema Bibi Haverkamp.

"Uliruka. Niliacha maji pale. Nilikuwa na haraka. Kosa ni langu."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, sijapata kumsikia mtu huyu akisema uongo juu ya udongo. Juu ya mambo mengine sawa, amenisifia nguo mbaya, amemsifia dada yangu keki zake. Udongo, kamwe. Nikagonga meza, kalamu zikaruka.

"Mwongo!" nikasema. "Mama Mkurugenzi, huyu anakudanganya! Alionja pale jioni ile ile, pakavu! Mpira ulikuja sawa, niliuona kwa macho yangu haya mawili. Mtoto alinyanyua kichwa!"

"Verda," Orrin akasema.

"Verda nini! Alikataa kuwaibia Marrow Creek mchezo, sasa anajiibia mwenyewe!"

Dressler akacheka puani. "Mke lazima amtetee mume wake."

"Wewe nyamaza, nitakunyoa."

Bibi Haverkamp akainua mkono. Akamwambia Kip kwa upole, "Mama yako anasema mpira ulikuja sawa. Nakuuliza wewe uliyekuwepo."

Kip akatazama viatu vyake. "Uliruka," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini siku ile ilitosha kabisa. Bibi Haverkamp akashusha pumzi, akasema basi hana jinsi, watu wa nje watakuja kesho. Na baada ya mashindano wataongea tena kuhusu kazi yenyewe. Orrin akatoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akauweka mezani. Ulikuwa na udongo kwenye meno yake. Akaufuta kwa kidole kabla ya kuusukuma.

Gari letu ni pikapu yenye kiti kimoja kirefu. Niliendesha mimi, Orrin katikati, Kip mlangoni. Sikuweza kunyamaza, na sikujaribu.

"Kwa nini?" nikamuuliza Orrin. "Hebu niambie. Jumamosi ulikuwa mtakatifu, hukumpa mwanao saa moja ya mvua. Leo unampa jina lako zima!"

Tukapita ghala la nafaka. Kisha akasema, "Ile saa ilikuwa ya Marrow Creek, haikuwa yangu kuitoa. Hili ni langu." "Ule ndio mpira wake wa mwisho, Verda. Sikutaka aukumbuke maisha yake yote kuwa ni kosa lake. Yeye hana mwingine. Mimi nina udongo kila mwaka."

"Huna!" nikapiga kelele. "Huna udongo, mpumbavu wewe! Ufunguo umeuacha mezani kwa watu!"

Akainamia viganja vyake, vile vilivyopasuka, visivyotoka wekundu wa udongo hata kwa brashi. Akavitazama tu. Nadhani ndipo hesabu ilipomfikia, maana mabega yalianza kumtikisika, na sauti haikutoka. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Hasira ikanipanda zaidi, sijui kwa nani, kwa wote, kwa Kansas nzima.

Kip alikuwa amegeukia dirisha. "Baba," akasema.

Kisha akatugeukia.

"Baba, mpira ulikuja sawa."

"Najua, mwanangu."

"Nilinyanyua kichwa."

"Niliona."

Basi nikakanyaga breki. Nikageuza gari pale pale, katikati ya barabara kuu, lori la ng'ombe nyuma yangu likapiga honi, dereva akanitukana mimi na ukoo wangu, nami nikamrudishia. Kip akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Haverkamp. Utamwambia maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, Dressler akiwepo asiwepo, na mimi nitasimama mlangoni na mkasi wangu."

"Sawa," akasema.

Orrin akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Verda, acha. Yameshakwisha haya."

"Nyamaza, Orrin," nikamwambia. "Wewe uongo wako wa leo umeshausema."