Tuchukulie Ardhi Ni Sifuri

Mtoto wa dada yangu alirudi nyumbani Lodwar na kitabu kizito kama tofali. Alikuwa ameanguka somo la umeme na sumaku chuoni, mwaka wa kwanza, na sasa anarudia mtihani. Nimemlea tangu mama yake afe, ananiita mama mdogo. Akanikalisha kwenye mkeka nje ya nyumba yetu hapo Nawoitorong, ili asome kwa sauti na mimi niulize nisichoelewa. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nikamwambia basi hapo tutakaa sana.

Nilikubali kwa sababu moja. Mama yake aliuawa na friji Kakuma, na tukaambiwa ni makosa yake mwenyewe, eti aliishika na mikono maji. Nilitaka kusikia kitabu kinasema nini.

Kitabu kinaanza na kitana. Unasugua kitana cha plastiki kwenye nywele, kinavuta vipande vya karatasi.

"Nywele zipi?" nikamuuliza. Mimi zangu nimenyoa.

"Mama mdogo, ungekuwa darasani kwetu ungetolewa nje."

Baada ya kitana, chaji za umeme zimekaa tu. Sura baada ya sura, hazitembei. Kuna mpira wa chuma umening'inia mahali pasipo na kitu, mishale inatoka kila upande. Halafu waya mnyoofu usio na mwisho, na hesabu yake ni nyepesi kwa sababu hiyo hiyo, hauna mwisho. Waya wa kwetu ulikuwa na mwisho. Ulitoka kwa jenereta ya tajiri mmoja, ukapita juu ya mabati ya watu, ukaishia kwenye friji ya soda ya kibanda chetu Kakuma. Sikumwambia. Niliendelea kupara samaki. Mkono wangu wa kulia vidole viwili havifungi tangu siku ile nilipomvuta dada, tukanaswa wote, mpaka Msomali wa duka la jirani akakimbia kuzima swichi.

Siku moja tukafika kwenye picha ya mistari mitatu, mrefu, mfupi, mfupi zaidi.

"Hii nini?"

"Ardhi. Umeme ukipotea njia unaingia huku, unaisha. Tunachukulia ardhi ni sifuri."

"Nani anachukulia?"

"Kila mtu."

"Ardhi ya wapi?"

Akacheka. "Ya kitabuni, mama mdogo. Haina kata wala chifu."

Nikamweleza ya Kakuma. Fundi wa tajiri alipigilia chuma nyuma ya kibanda chetu, kwenye mchanga, akakifunga waya kutoka mwili wa friji. Alisema mchanga mkavu haupokei umeme, kiangazi chuma kimwagiwe maji ya chumvi kila siku. Tajiri akasema hiyo ni kazi ya watu wake, sisi tusiguse. Walimwaga siku chache, kisha maji yakaenda kwa mbuzi zake. Friji ikaanza kututekenya tukiishika. Tukamwambia tajiri. Akasema, "Inawasalimia tu. Iitikieni, ejok, njema!" Watu wakacheka, hata sisi. Fundi alikuja, akaigusa, akavuta mkono haraka, akaondoka bila kukata waya. Na karani wa ofisi, ambaye hakukanyaga pale kibandani, akaandika kwenye ripoti ya kifo, mikono maji. Ni hao watatu. Nawataja kwa kazi zao, Kakuma wanazijua nyuso. Tajiri bado anauza umeme.

Mtoto hakucheka tena. Alichora friji, chuma, mchanga, mtu. Akamfuta mtu, akamrudisha. Akapiga hesabu zake, mimi nikamaliza samaki.

"Mama mdogo," akasema bila kuinua kichwa, "maji ya mikononi yalifungua mlango tu. Umeme ulikuwa umeshafika kwenye bati la friji, unangoja. Kama ule mchanga ungekuwa umelowa, umeme ungeshukia huko, na swichi ya jenereta ingejikata kabla mama hajashika."

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye."

Miaka yote nilidhani siku nikisikia hayo nitalia, au nitapiga kelele majirani watoke. Hakukuja kitu. Nikaosha kisu.

Akauliza kama aandike hivyo kwenye mtihani, kwamba kuna ardhi ambayo si sifuri. Nikamwambia aandike wanavyotaka, apite. Akaenda kunawa. Aliporudi hakujifuta, akafungua sura ya sumaku kwa mikono maji, ukurasa ukaloa. Mimi nikatandaza samaki juani.