Niliandika Toleo Pembeni, Dada Yangu Akaitwa Mwuza Dawa

Kosa ni langu. Msimlaumu nesi, wala fundi aliyenifundisha kazi. Ni langu mimi, na ninakuomba wewe unayesoma unisikilize mpaka mwisho, hata kama baadaye utanichukia.

Ninatoka Ngenge, wilaya ya Muleba. Shule niliishia darasa la saba. Baba alirudi mzima kutoka vita vya Uganda, ugonjwa ukaja kumkuta nyumbani. Mama akamfuata. Tukabaki wawili kwenye kibanja, mimi na dada yangu Koku. Yeye ndiye aliyenilea. Alilima vibarua kwenye migomba ya watu ili mimi nile. Halafu na yeye akapimwa, akakutwa nao.

Ashukuriwe Mungu, dawa zilikuwa zimeanza kufika. Koku alianzia hospitali Bukoba, akanenepa, akarudi kucheka. Baadaye akahamishiwa zahanati ya kwetu ili asisafiri.

Mimi wakati huo nilikuwa Bukoba. Nilikwenda kufagia ofisi moja iliyotengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya zahanati. Fundi mkuu, Kamugisha, aliona ninavyochungulia, akanivutia kiti. Nilijifunza polepole, kama ninavyoandika polepole hapa. Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu ninatazama miguu yangu. Kompyuta haikutazami usoni, ndiyo maana niliipenda.

Nikueleze kidogo, maana kosa langu limo humu.

Programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Unachukua vipande vilivyoandikwa na wengine: hiki cha kuchapisha, hiki cha kusoma tarehe. Kila kipande kina toleo la zamani na toleo jipya. Skripti ya kujenga, yaani maagizo ya kuunganisha programu, ndiyo inayosema, chukua kipande fulani, toleo fulani, unganisha. Sisi tulikuwa na programu ya Bukoba, ya Muleba mjini na ya Ngenge. Zote zilipeana majina ya wagonjwa na siku zao za kurudi kuchukua dawa.

Kamugisha alituambia, "Kila programu ikijichagulia matoleo yake, tutakuja kulia. Kuanzia leo matoleo yote yanakaa kwenye faili moja la pamoja, na skripti zote zinasoma humo. Nisimkute mtu ameandika toleo pembeni!"

Siku moja akabadilisha toleo la kipande cha tarehe kwenye faili hilo. Ya Bukoba ikajengwa. Ya Muleba ikajengwa. Ya Ngenge ilikuwa mikononi mwangu. Nilipoijaribu, ikakataa. Kompyuta ya Ngenge, iliyokuwa imeletwa ofisini, ilikuwa kuukuu, haikuliweza toleo jipya. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

Nilitakiwa kusimama niseme, "Haikukubali." Basi! Lakini chumba kilikuwa na vijana wawili waliosoma chuo, na mlangoni alisimama dereva Byabato, mtu wa utani.

"Profesa wa ufagio, umemaliza?" akaniita. "Nipe mzigo wa Ngenge niondoke. Sitaki kulala njiani pale Kagoma nikaliwa na mbu wa watu!"

Wote wakacheka. Masikio yakanichoma. Nikafuta mstari uliosema soma faili la pamoja, nikaandika mahali pake toleo la zamani kwa mkono wangu. Ikajengwa mara moja.

"Ngenge imekubali?" Kamugisha akauliza.

"Imekubali."

"Toleo jipya?"

"Ndiyo, mzee."

Mawe, mama yangu! Neno dogo namna ile!

Nilikwenda nyumbani Pasaka. Nilitegemea kumkuta Koku anamenya ndizi, ananitania kwamba mji umeninenepesha mashavu tu. Nikamkuta kitandani. Mifupa ya mabega imetokeza.

"Koku, dawa unameza?"

"Dawa gani? Mimi si nimeziuza?"

Nikadhani homa imempanda kichwani. Ndipo akanisimulia. Alikwenda zahanati na kopo tupu. Nesi akatazama kompyuta, akakunja uso.

"Koku, hapa unarudi tarehe tatu mwezi wa sita. Leo umefuata nini?"

"Zimekwisha, waitu, ndugu yangu."

"Zimekwishaje, na hapa inaonyesha una dawa za miezi? Umempa nani? Au umezipeleka sokoni?"

Kwenye benchi mwanamke mmoja akadakia, "Kumbe kile kitenge kipya kilitoka huko!" Watu wakaangua kicheko. Kadi yake ya zamani ilibaki hospitali alipohamishwa, na hii mpya ilichapishwa na kompyuta ile ile, kwa hiyo hakuwa na cha kujitetea. Dada yangu akachukua kopo lake, akatoka. Hakurudi tena.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua palepale. Siku yake ya kweli, iliyotumwa kutoka Bukoba, ilikuwa tarehe sita mwezi wa tatu. Toleo jipya la Bukoba liliandika mwezi kwanza, tarehe baadaye. Toleo la zamani, lile nililolificha Ngenge, lilisoma tarehe kwanza. Tatu ikawa tarehe, sita ikawa mwezi. Waliopangiwa tarehe kumi na tatu na kuendelea walinusurika, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Programu iliacha nafasi wazi na nesi akawauliza wenyewe. Wengine waliambiwa bado, wakarudi nyumbani kimya kimya.

Unafikiri nilisema? Sikusema! Nilirudi Bukoba nimeapa kwamba nitasema, nikafika nikashika ufagio. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa wale vijana wa chuo. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilitoka na haya yangu kama mtu aliyebeba maiti mgongoni.

Halafu Byabato akaleta habari kwamba jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa akichukua dawa pale pale, amezikwa. Sijui kama ni tarehe zangu au ni siku zake zilifika. Sitajua kamwe.

Siku hiyo nilimfuata Kamugisha nikasema yote, nikitazama miguu yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga!

"Ungeniambia haikukubali," alisema, "ningelirudisha toleo la zamani kwenye faili la pamoja, zote zikalifuata. Ni kazi ya kunywa chai. Kwa nini, mwanangu?"

Akafuta toleo langu la pembeni, akazirudisha programu zote kwenye toleo moja, akapiga simu Ngenge watazame siku za kila mgonjwa upya. Mimi nikaondoka kazini. Sikungoja kuambiwa.

Nesi alikuja nyumbani kuomba msamaha. Alisimama uani, kanga mkononi, analia. Koku akamjibu kutoka ndani, "Waitu, mwuza dawa hayupo."

Ilinibidi mimi nimweleze. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kwamba ni mkono wangu. Alinitazama usoni. Kisha akasema, "Nilikufundisha kutembea, nikakufundisha kusema. Kunyamaza ulijifunza kwa nani?"

Ameanza tena kumeza, lakini daktari anasema mwili ulikatizwa dawa, huenda hizi za kwanza hazitamsaidia tena. Za aina nyingine zinatafutwa. Dawa anazipokea kwa nesi. Kwangu mimi hazipokei.

Ninyi mnaojifunza kazi hii, hata mliosoma kuliko mimi: kilichowekwa mahali pamoja kwa ajili ya wote usikigeuze pembeni peke yako. Kikikushinda, sema siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao wanaokucheka. Watacheka, watachoka, watakwenda kula. Aliyelala ndani kwangu hakuchoshwa na kucheka, amechoshwa na kunyamaza kwangu!

Jana Koku ameomba uji. Amekunywa vijiko vichache, akageukia ukuta. Mwombeeni yeye. Mimi msiniombee bado.