Mama Kivuli na Mlinzi wa Kima

Walimwita Mama Kivuli kwa sababu kazi yake yote ilikuwa chini ya miti: asubuhi kwenye kitalu cha miche, mchana amepiga magoti msituni akichungulia ua dogo la zambarau lililobaki bondeni tu. Mumewe husema kwamba katika nyumba yao yeye ni wa pili, ua ndilo la kwanza. Mama Kivuli hakanushi.

Mwaka huo miche ya ua hilo haikuota bondeni, na alijua sababu: shemeji yake. Huyu alikuwa mlinzi wa kima walio hatarini kutoweka, na ili wasimsikie akiwafuata, alifagia majani makavu njia nzima ya bondeni. Mbegu zilizojificha humo zikaenda na ufagio. Sasa mvua za mwisho zilikuwa zinakaribia. Zikipita hivihivi, ua limekwisha.

"Shemeji, acha kufagia."

"Nikanyage majani wanisikie? Kima wangu wamebaki wachache, lazima niwaone. Ua lako haliendi popote!"

"Hapo ndipo penye taabu. Kima akiona hatari anaruka tawi. Ua langu likikuona na ufagio linakungoja."

"Kima ana mtoto kifuani, bwana."

"Na ua lina watoto ardhini. Tofauti ni kwamba wako wanajua kulia."

Shemeji akacheka, lakini ufagio hakuuachia. "Basi nitawaonaje?"

"Fanya kama ua. Keti."

"Mimi? Niote mizizi?"

"Kwa tumbo hilo, hata upepo haukutikisi."

Kesho yake wakaketi chini ya mkuyu wenye matunda mabivu. Shemeji alijikuna, akahema, akanong'ona kwamba wanapoteza siku. Mama Kivuli alitulia tuli. Aliyezoea kungoja mbegu hashindwi na kima. Jua lilipopanda, matawi yakatikisika. Kundi zima likashuka kula, mama mmoja na mtoto wake wakiwa karibu hata kope zao zikaonekana. Miaka yote hiyo shemeji alikuwa akiona mikia tu.

"Kumbe wana sura," akanong'ona, machozi yakimlenga.

Bonde halikufagiwa tena. Mvua zikanyesha, miche ikachomoza katikati ya majani yaliyooza. Shemeji akawa anaizunguka kwa mbali, na wenzake wa doria akiwakemea, "Wee, angalia unapokanyaga! Hawa hawana miguu ya kukimbilia!"