Nguzo Mbili Juu ya Mwamgongo

Baba alianza kudhoofika baada ya masika, na neno lake likawa moja tu: kaburi la mama yake lijengewe kwa saruji kabla yeye hajafa. Ilibidi mtu aende Mwamgongo kulitambua. Nikasema nitakwenda mimi, kwani hapa Gungu nauza miche na maua kando ya barabara, na kwa mimea hakuna wa kunidanganya. Ndivyo nilivyojisifu.

Katika ukoo wetu makaburi ya zamani hayana msalaba wala jiwe. Aliyezikwa ardhini hupandiwa mnyaa mkubwa, ule unaosimama kama nguzo na kutoa maziwa ukikatwa. Aliyechukuliwa na ziwa, maiti isipatikane, hupandiwa dungusi refu, nalo hutoa maji. Babu alizama akivua. Bibi, tuliambiwa, alikufa kwa homa muda mfupi baadaye. Kwa hiyo zilipandwa nguzo mbili, na chini ya moja hakuna mtu. Baba alikuwa mtoto mdogo, hakumbuki ipi ni ya nani.

Asubuhi nilipanda boti Kibirizi, nikabanwa kati ya kreti za soda na magunia ya sembe. Ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Tulipokuwa tukiupita msitu wa Gombe, abiria waliokuwa wakitaniana waligeuka wote kuyatazama maji, na sikujua kwa nini.

Mwamgongo nilipokewa na binamu yangu Nyandwi, katikati ya dagaa walioanikwa.

"Shikamoo dada. Karibu kwanza ule."

"Marahaba. Nitakula nikishaliona kaburi."

Tulipanda mlima hadi kwenye kiwanja cha babu, ambacho siku hizi hakuna anayekilima. Nguzo zile zilisimama bega kwa bega, ndefu kuliko nyumba, na chini yake hapakuota hata jani. Nyandwi alivua kofia.

"Mwakeye," aliziamkia kwa lugha ya nyumbani, moja baada ya nyingine. Kisha akangoja kidogo, kama mtu anayeitikiwa. Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

Nilizikagua. Mnyaa mkubwa huota miiba miwili miwili, dungusi huiota kwa mafungu. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Lakini huku chini mashina yote mawili yalikuwa yameota magamba na miiba imekatika. Kila nilipoamua kuwa hii ndiyo ya bibi, nilitazama ile nyingine nikaona ni ileile.

"Inabidi kukata," nilisema.

"Basi funika uso dada. Maziwa yale yanapofua."

Nilijifunga khanga, nikachomeka kisu. Yakatoka maji. Nikashusha pumzi: huyu ni babu. Nikaigeukia ya pili kwa furaha, nikaiwekea kiganja, nikasema, "Shikamoo bibi." Nikakata.

Maji. Yalitelemka hadi kwenye kiwiko changu, mazito, ya baridi, na jua lilikuwa la utosi. Nyandwi alirudi nyuma.

"Labda walikosea mche," nilisema. "Inafanana sana hii, hata mimi imenishinda."

"Hawakukosea dada. Aliyekata mche kwa kisu aliona kilichotoka."

Tulishuka mlima bila kugeuka, na nyuma yetu nilisikia mtu wa tatu akishuka. Nyandwi aliongeza mwendo, nami nikaongeza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kesho yake nilirudi Gungu na uongo nimeshauandaa. Baba alikuwa ameketi mlangoni.

"Umelitambua?"

Nilimtazama usoni, nikauacha uongo. "Baba, zote mbili zinatoa maji."

Akanishika mkono.

"Nilimwona mama," alisema. "Aliingia ziwani na nguo zake, akaenda tu. Niliwaambia wakubwa, wakasema nimeota. Nikapigwa nisirudie."

Akalia, nami nikalia naye. Saruji hatukununua, kwani hapakuwa na kaburi la kujengea. Safari hii ilinifunza kwamba kujua miti si kujua aliyeipanda, wala alichokuwa anakificha. Ilinifunza pia kumkalisha mtoto anayesema ameona jambo, na kumsikiliza mpaka amalize. Baba alisubiri hadi uzee, ndipo akapangusa macho kwa mkono wa shati na kuniambia, kama mtu aliyefutiwa kesi, "Kumbe sikuota."