Siku Niliyoitwa Mama Bruno

Wacheni niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mwiki, maana huko imeshaongezwa chumvi mpaka inasemekana nilimvalisha mbwa sweta ya shule. Sikumvalisha sweta. Nilimpeleka tu kwenye daycare ya watoto, nikiwa nimemwandikisha kwa simu, na kadi yake ya chanjo mkononi, na mpaka leo nikipita barabara ile huwa navuka upande wa pili.

Mbwa mwenyewe ni Bruno, wa ile jamii kubwa ya mbwa wa polisi, masikio wima, kilo arobaini na kitu, na nguvu ambazo sijui huzitoa wapi. Alikuwa wa baba yangu kule Murera. Baba alipofariki mwaka jana, dada yake, tata Nyokabi, ambaye shamba lake limepakana na letu, aliniambia nimwachie mbwa. Nikakataa, nikamleta Mwiki kwenye nyumba yangu ya chumba kimoja na sebule (ndiyo, najua), kwa sababu nyumba ya baba tulikuwa tumeifunga, na Bruno ndiye aliyekuwa naye kila siku mpaka ya mwisho, na mimi sikuwa.

Sasa mimi napakia juisi kwenye kiwanda kimoja Eneo la Viwanda Thika, natoka alfajiri na kurudi jioni, na mchana kutwa Bruno alikuwa peke yake ndani akila nyumba: kona ya mlango, nusu ya godoro, viatu vitatu (kila kimoja cha jozi yake), na akichoka kula analia, na akilia wapangaji wa ploti nzima wanasikia. Mwenye nyumba akaja akasimama mlangoni, akautazama mlango ulivyoliwa, akanipa mpaka Jumapili. Mbwa aondoke au tuondoke wote wawili.

Kumrudisha Murera sikutaka hata kusikia. Nilikuwa nimeambiwa siku hizi upande wa Ruiru kuna daycare za mbwa, unamwacha asubuhi acheze na wenzake, jioni unamchukua amechoka, analala. Nikapigia moja. Nilipotaja tu mbwa mkubwa wakasema wao huchukua wale wadogo wadogo, wakakata simu. Ndipo Njeri, tunayefanya naye kazi kwenye laini moja, akanitumia namba aliyoiona kwenye ubao karibu na kwake: neno daycare kwa herufi kubwa, na chini yake mchoro wa mbwa mdogo anayecheka. (Kwamba kila ukuta wa chekechea nchini una mnyama anayecheka, hilo halikutujia sisi wawili.)

"Lakini usianze na mambo ya mbwa," Njeri akaniambia. "Wenye hizo daycare hawapendi hiyo neno, watakuona mshamba. Sema boy wangu. Size watajionea mkifika, na by then washampenda."

Nikaona ni akili. Hapo ndipo nilipojiharibia, kwa neno moja nililoliacha.

Aliyeshika simu alijitambulisha kama Teacher Wairimu, sauti ya upole, na akanihoji vizuri mpaka nikafurahi kwamba hawa ni watu wa kazi yao.

"Ako na miaka ngapi?"

"Miwili na miezi minne."

"Chanjo amemaliza?"

"Zote, kadi ninayo."

"Huwa anauma wengine?"

"Hapana. Zamani akiota meno. Saa hii anatafuna viatu tu."

"Hao ni boys, usijali. Na akitaka toilet husema?"

"Hasemi, lakini anaenda anasimama kwa mlango ananiangalia."

"Afadhali huyo! Na chakula?"

"Hachagui. Ugali na omena, hata matumbo."

"Haiya, umemlea poa. Hapa wengine wanataka chips tu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na baba?"

Nikashangaa amejuaje, lakini nikamwambia. Nikamwambia baba alifariki mwaka jana, na kwamba Bruno alikuwa wake kabisa, alikuwa anamfuata mpaka choo, na mpaka sasa ikifika jioni anaenda kulala mlangoni akimngoja. Nikasikia mtu akivuta kamasi.

"Ngai," akasema. "Pole sana, Mama Bruno. Mlete. Tutamshika kama wetu."

Nilikata simu nikijiambia kweli watu wanaopenda mbwa wana roho nzuri, na jina hilo la Mama Bruno nikalipenda, siwadanganyi.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, tukatembea mimi na Bruno mpaka huko (yeye alikimbia, mimi nikaburutwa). Nikamfunga kwenye nguzo ya stima nje ya geti, ili niingie kwanza niwaandae kwa ule ukubwa. Ndani ya geti palikuwa na akina mama watano hivi na watoto wao, na nilishangaa kidogo kwamba hakuna aliyekuja na mbwa, lakini nikajiambia labda wa kwao wameshaingia.

Teacher Wairimu, mwanamke mnene mwenye aproni, alikuja mikono wazi akanikumbatia. Kisha mama mmoja mwenye leso ya kijani akanisogelea na mfuko mkubwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Teacher alituambia mambo ya baba," akasema. "Ni kitu kidogo tu tumechanga, nguo zenye watoto wetu wamezidi."

Nikachungulia mfukoni. Suruali ndogo, soksi, fulana ya mistari, gari la plastiki lisilo na gurudumu moja. Bado nilikuwa najaribu kuielewa ile suruali.

"Na Bruno ako wapi?" Teacher akauliza kwa sauti, macho yake yakitafuta kwenye kimo cha kiuno changu.

Bruno akisikia jina lake huja. Fundo langu halikuwa la maana. Aliingia getini na kamba yake yote, akasimama kando yangu akihema, na wale akina mama watano wakasimama hivyo hivyo.

"Si huyu," nikasema.

Yaliyofuata nitayasema haraka. Mtu akapiga nduru, Bruno akadhani ni mchezo, akazunguka uwanja mara tatu, mama mmoja akapanda kiti cha watoto na kiti kikavunjika, watoto wakalia wengine kwa hofu na wengine kwa furaha, na huwezi kutofautisha. Bruno akaimaliza sufuria ya uji iliyokuwa inapoa kwenye ngazi, akaingia darasani, akachagua godoro la mwisho ukutani, akajilaza. Nilipomfikia niliona juu yake msumari, kwenye msumari kikombe kipya cha plastiki, na karatasi yenye nyota imeandikwa BRUNO. Alikuwa amelala kwenye godoro lake.

Teacher Wairimu aliwahesabu watoto mara mbili. Hakuna aliyeguswa. Kisha akanigeukia.

"Mama, huyu ni mbwa."

"Ndiyo."

"Kwa simu ulisema boy wako."

"Ni boy," nikasema, na hapo nikajisikia mwenyewe.

Lakini kilichonimaliza si hicho. Mama wa leso ya kijani alikuwa ameurudisha mfuko kifuani, akaniuliza polepole, si kwa hasira, "Na hiyo ya baba kufa? Pia hiyo ulitudanganya?"

"Hapana," nikasema. "Alikufa kweli. Ni baba yangu mimi."

Wakaangaliana. Teacher akamtazama Bruno pale kwenye godoro, akanitazama mimi.

"Kumbe pole ilikuwa yako," akasema.

Na mimi, mtu mzima, mbele ya akina mama watano na watoto wao, nikalia. Nililia sana. Siku ya mazishi nilikuwa nimeshughulika na viti na chakula cha watu, na tangu hapo nilikuwa nashughulika na mbwa.

Baadaye nilisaidia kupika uji mwingine na kufua kitambaa cha godoro, Bruno akiwa amefungwa kwa fundo la Teacher mwenyewe, ambalo lilishika. Teacher alikuwa anasugua sufuria huku akimwangalia Bruno akirukaruka mwisho wa kamba.

"Mimi najua watoto, mbwa sijui," akasema. "Lakini hata ningekuwa na daycare ya mbwa, huyu singechukua. Umemfungia kwa nyumba, sasa unataka umfungie kwa ploti ya mtu. Hakuna mahali anaweza kukimbia?"

"Kuko. Murera, kwa tata yangu."

"Sasa Mwiki anafanya nini?"

Jibu lilikuwa mimi, si yeye.

Jioni hiyo nilimpigia tata Nyokabi. "Tata, ni mambo ya mbwa," nikaanza, neno lenyewe mbele kabisa. "Mlete," akasema, hakuuliza lingine. Jumapili Bruno alienda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya baba, akanusa mlango, akaizunguka mara moja, kisha akaingia kwenye nepia ya kulisha ng'ombe akikimbia mpaka nikawa naona majani tu yakitikisika. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akarudi mwenyewe bila kuitwa. Iliniuma.

Tangu siku hiyo nikipiga simu kuulizia kitu, hata kama ni gesi, nakitaja kwa jina lake kwanza, wanaotaka kukata wakate. Ila Mwiki jina limenikwama. Juzi mama wa leso ya kijani aliniita sokoni kwa sauti kubwa, "Mama Bruno! Mtoto anaendeleaje?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia anakula vizuri, anakimbia mpaka anachoka, na kwamba tata anasema siku hizi jioni halali tena mlangoni.